Kidole Gumba cha Mwalimu

Bastola mpya zilifika kambini Jumatatu asubuhi, arobaini, kila moja kwenye sanduku lake la plastiki la kijivu, na kabla ya saa nne zilikuwa zimeshapewa jina. Ile ya zamani, ya chuma kitupu, iliyotumika kikosini miaka ishirini na mitatu, ikageuka kuwa Bi Mkubwa. Hii mpya, nyepesi, yenye mpini wa plastiki, ikawa Bi Mdogo. Majina aliyatoa koplo mmoja aliyeitwa Redio, na ukikaa naye dakika tano utajua kwa nini aliitwa Redio.

Askari wa kikosi maalumu ni watu wa ajabu. Wamefunzwa kuingia katika nyumba ngeni bila hata kukohoa, lakini wape benchi na chai, watakuchambua wewe na ukoo wako mpaka chai ipoe. Siku nzima ilikuwa Bi Mdogo huku, Bi Mdogo kule. Mtunza stoo, ambaye hajapata kupenda kitu kipya tangu azaliwe, akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Redio akamjibu kwamba mbachao wenyewe umetoboka, na kipya kinyemi ingawa kidonda.

Aliyejua hasa jinsi mbachao ulivyotoboka ni Fundi. Ndivyo walivyomwita wote, ingawa cheo chake kilikuwa sajini: mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na karakana ya silaha ilikuwa yake. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amekuta nyufa kwenye bastola tisa za zamani, nyufa nyembamba kama unywele, na vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Mwaka uliopita moja ilikwama mkononi mwa askari katikati ya mazoezi. Hakuna aliyeumia, ila siku hiyo Fundi hakula.

Mumewe ndiye Mwalimu. Afisa mteule, mkufunzi mkuu wa shabaha na bado mmoja wa wanaoingia mlangoni kwa adui, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyemfundisha kila askari wa kikosi kile kushika bastola, Meja mwenyewe akiwemo. Watu walitania kwamba nyumba ile haiwezi kuwa na ugomvi, maana mume ana shabaha na mke ana funguo za ghala. Ukweli ni kwamba walipendana tu. Miaka kumi na saba ya ndoa, watoto wawili wako shule ya bweni, na bado Mwalimu alipita karakana kila mchana kwa kisingizio cha kuomba kitambaa cha kufutia bastola. Nyumbani kulikuwa na vitambaa hivyo vya kujaza gunia.

Majaribio yalipangiwa wiki mbili. Askari wangepiga risasi, Fundi angekagua na kuandika, na mwisho Mwalimu angetia saini ripoti: Bi Mdogo aolewe au arudishwe kwao. Saini hiyo ndiyo ingeamua kila kitu. Katika mambo ya bastola Meja hakuwa mtu wa kumpinga Mwalimu, kama ambavyo mwanamume mwenye akili hampingi mkunga katika mambo ya uzazi.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Tatizo lilianza Jumatano. Bastola ya aina hii, risasi zikiisha, kifuniko chake cha juu hurudi nyuma na kubaki huko, wazi, ili mpigaji ajue kwamba hana kitu na aweke magazini nyingine. Ya Mwalimu ilipoishiwa, kifuniko kilirudi mbele kikajifunga, kana kwamba risasi bado zimo. Mwalimu akavuta triga. Ta. Akabadili, akachukua ya sanduku jingine, ikawa vilevile. Kufikia Ijumaa alikuwa amejaribu saba, na sita zilimfanyia hivyo hivyo.

Ta si sauti kubwa. Lakini kwa mtu aliyeingia mlangoni na adui yuko hatua nne mbele yake, hiyo inaweza kuwa sauti ya mwisho kuisikia. Mwalimu alikuwa mtu wa haki; hakuichukia bastola, wala hakuipenda. Alisema tu kwamba mzigo huu una kasoro, na kama wengine hawajaiona ni kwa sababu hawajapiga risasi nyingi kama yeye. Hakuna aliyebisha. Hata Redio hakubisha.

Fundi alizichukua zile sita karakana. Alizifungua, akapima springi, akakagua magazini moja moja, kisha akazifunga na kupiga risasi mia mbili kwa mkono wake. Kila zilipoisha, kifuniko kilibaki wazi kama mlango wa duka saa tatu asubuhi. Akavua miwani, akakaa juu ya stuli, akaanza kulifikiria jambo ambalo hakutaka kulifikiria.

Bi Mkubwa ana kufuli ya usalama ubavuni, juu kidogo ya mpini, na kila aliyelelewa naye amezoea kulaza kidole gumba juu ya kufuli hiyo. Bi Mdogo hana kufuli. Mahali pale pale pana kikono kidogo cha chuma, na kazi yake ndiyo hiyo ya kukinasa kifuniko risasi zikiisha. Ukikilazia kidole, hakiwezi kunyanyuka, na kifuniko hakinaswi. Mazoea yana taabu. Nusu ya kikosi walifanya kosa hilo siku ya kwanza, Redio mara tatu, lakini wote walikihisi kile chuma kikiwasukuma chini ya kidole, wakacheka, wakashusha kidole. Na aliyewaambia wakishushe alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata Fundi alimwuliza kwa upole, wakiwa wawili tu, kama huenda na yeye pia. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kufunga viatu.

“Kidole kiko chini, Fundi,” alisema. “Nakiambia kishuke, kinashuka.”

Mwalimu alikuwa na makosa yake. Alikoroma, alisahau tarehe za kuzaliwa za watu wote isipokuwa watoto, na hakuwahi kurudisha kifuniko cha dawa ya meno mahali pake. Lakini uongo hakuwa nao. Fundi alilala naye miaka kumi na saba, angejua. Ndiyo maana jibu lile lilimkosesha raha kuliko kama angedanganywa.

Basi alikumbuka wino wake. Mafundi wa chuma wanao wino wao, wa bluu, mzito kama mafuta ya mgando, usiokauka. Hupakwa kwenye chuma ili ionekane ni wapi kinagusana na kingine, na ukikushika, maji na sabuni haviufanyi kitu. Jumanne asubuhi Fundi alichukua bastola moja ya Mwalimu, akakipaka kile kikono wino kidogo, kidogo sana, wa ncha ya kijiti. Alijiona kama mke anayepekua mifuko ya suruali ya mumewe. Akapaka hata hivyo.

Mwalimu alipiga risasi zake. Zote zilikwenda alikozituma. Kifuniko kikajifunga, akavuta triga, ta. Akaitoa magazini, akahakikisha bastola ni tupu kama alivyowafundisha wengine maisha yake yote, akamkabidhi mkewe mbele ya watu.

“Umeona? Na kidole hakijafika hata karibu.”

Fundi aliigeuza bastola. Kwenye kikono wino ulikuwa umefutika wote, chuma kinang'aa. Alisema, “Nimeona, afande,” akaandika daftarini alichokiona, mstari mmoja, akalifunga. Nyuma yake Mwalimu alikuwa akimwambia Meja kwamba yeye amekwisha ridhika, kesho saa tatu ataleta ripoti, na bastola hizi zirudi zilikotoka.

Jioni ile Mwalimu ndiye aliyetangulia nyumbani, akabandika maharage. Fundi alipoingia alimkuta jikoni, mikono ya shati ameikunja, akimsimulia barua ya mtoto wao mdogo iliyofika siku hiyo: shule ya bweni hainogi, uji ni mwepesi, na anaomba soksi. Huku akisimulia, alikamata mfuniko wa sufuria iliyokuwa ikitokota, akaunyanyua bila kitambaa, akainama kunusa. Vidole vingine alivikunjua haraka kwa joto. Kidole gumba kilibaki pale pale kwenye ukingo wa bati, kimetulia, na ubavuni mwake kulikuwa na wino wa bluu.

Fundi alichukua kitambaa, akaupokea ule mfuniko, akauweka kando. Kisha akauchukua mkono wa mumewe, akautia chini ya bomba, akafungua maji.

“Tangu lini?” aliuliza.

Mwalimu alisema tangu saa kumi na moja hivi, ila maharage haya yalikuwa ya zamani, hayakutaka kuiva.

“Tangu lini huhisi kidole hiki?”

Maji yakaendelea kutoka. Mwalimu alikiangalia kidole chake, malengelenge yakianza kutuna pembeni ya ile bluu. Wino ule aliujua. Ameuona kwenye mikono ya mkewe tangu uchumba, na hakuhitaji kuelezwa umefikaje kwenye mkono wake.

“Umenitegea mtego,” alisema polepole.

“Niliitegea bastola. Aliyenaswa ni wewe.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema watu. Huyu bahati yake, aliumbuliwa na maharage. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akayasema yote, macho kwenye sakafu. Ilianza mwaka jana, ile siku ya mazoezi aliposhuka kwa kamba kutoka juu ya paa na shingo ikavutika. Kwanza ganzi ya kuja na kuondoka, kisha ganzi ya kukaa, na mwisho kidole kikawa kama cha mtu mwingine aliyemwazima. Daktari wa kikosi huangalia macho, moyo na magoti. Hakuna anayechoma vidole gumba sindano. Shabaha haikupungua, kwa sababu shabaha yake ilikuwa machoni na katika miaka yote ile, si kidoleni. Akaona halimdhuru mtu. Kuhusu kile kikono aliapa kwamba hakujua, na Fundi alimwamini kabla hajamaliza kuapa.

Lakini Fundi aliumia, na aliumia sana. Mkono ule ulimshika kila siku ya Mungu, ukampigapiga begani, ukamfunga vifungo vya nyuma ya gauni siku ya harusi ya mdogo wake, na kidole kimoja kati ya vile vitano hakikuwa kikimhisi, na yeye hakuambiwa. Alitamani kumpiga kofi. Alimpaka dawa ya kuungua badala yake.

“Kesho nikitia saini zirudishwe, hakuna atakayejua,” Mwalimu alisema. “Bi Mkubwa hajali kidole changu kimelala wapi.”

“Bi Mkubwa ana nyufa tisa.”

“Najua.”

“Tisa ninazozijua mimi. Ya kumi itapasuka mkononi mwa nani? Wa Redio?”

Mwalimu aligeukia dirisha. Mvuke wa maharage ulikuwa umeloanisha dirisha lote.

“Na mimi je, mama watoto? Nisipoingia mlangoni na wenzangu, mimi ni nani?”

“Mume wangu,” alisema Fundi. Kisha, kwa sababu hata yeye hakuwa mwongo, akaongeza, “Najua haitoshi.”

Hakumbembeleza zaidi ya hapo. Alimwambia kwamba alichokiona ameshakiandika daftarini, na kesho atakaa mezani na daftari hilo, ila yeye hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Anamwachia mwenyewe. Hakumwambia atafanya nini endapo Mwalimu atasoma ripoti ya kuzirudisha bastola na kukaa chini, na Mwalimu hakuuliza. Wakala maharage, yaliyokuwa bado magumu, kila mmoja akitafuna upande wake wa meza.

Asubuhi Fundi aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umeshapoa. Kwenye meza ya jikoni palikuwa na karatasi nne zilizofinyangwa. Hakuzikunjua. Alivaa, akafunga mlango, akaenda kazini na hofu, yeye ambaye hakuwahi hata siku moja kuogopa kitu chenye risasi.

Saa tatu kamili kikosi kilikuwa kimekusanyika kwenye uwanja wa shabaha, Meja mezani, Fundi kando yake na daftari lake. Mwalimu alisimama mbele yao. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa, lakini hakuitoa. Aliomba Bi Mdogo mmoja na risasi tano. Kisha akageuka.

“Fundi, naomba wino wako.”

Fundi alimpa kile kikopo. Mwalimu alichovya kijiti kwa mkono wa kushoto, akakipaka kikono mbele ya kila mtu, akajaza, akapiga. Matundu matano yalikaa katikati ya ile shabaha, kiganja kingeyafunika. Kifuniko kikajifunga. Akavuta triga, na ile ta ilisikika mpaka nyuma.

Aliitoa magazini, akahakikisha, akailaza bastola mezani, akanyanyua kidole gumba. Kilikuwa cha bluu toka ukucha hadi kwenye lengelenge la jana.

“Bastola haina kosa,” alisema, na sauti yake ndogo haikuongezeka. “Kosa ni hili hapa. Nyinyi mkilaza kidole juu ya kile chuma mnakihisi, mnashusha kidole. Mimi sikihisi. Huu ni mwezi wa kumi sikihisi. Nilinyamaza, na jana nilikuwa tayari kuwarudishia bastola zenye nyufa ili mimi nibaki. Zipokeeni hizi.”

Mwalimu akatoa karatasi yake mfukoni, akamkabidhi Meja. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi zikipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza, na chini kabisa, juu ya saini, alikuwa ameandika kwamba aliyeligundua kosa ni sajini wa karakana, na kwamba kikosi kina bahati kuwa naye.

Meja aliisoma mara mbili. Halafu, macho yakiwa bado kwenye karatasi, akasema yale ambayo hakuwa na budi kuyasema: daktari leo hii mchana, na kuanzia sasa jina la Mwalimu litoke kwenye orodha ya wanaoingia mlangoni. Kuhusu kufundisha, wataona daktari atasema nini. Aliyasema polepole, kama mtu anayemvua mwenzake koti bila kutaka kumwumiza. Mwalimu akapiga saluti. Ilikuwa saluti nzuri, na Fundi alitazama pembeni ili mumewe asimwone akilia, maana saluti ile ilimlenga Meja lakini ilikuwa ikiaga kitu kingine.

Watu walisimama tu, hakuna aliyejua kama aondoke au abaki. Ndipo Redio akasogea hatua moja mbele, mikono ameibana ubavuni.

“Afande Mwalimu, leo tunaanza na nini?”

“Na vidole gumba,” Mwalimu alisema. “Vishusheni.”

Wakaanza. Aliwapitia mmoja mmoja kwa nusu saa nzima, akiinama kuangalia kila mkono, kisha akamwachia zamu msaidizi wake na kutoka uwanjani kwa mwendo wake wa kila siku.

Fundi alimkuta nyuma ya karakana, amekaa juu ya sanduku tupu la kijivu. Alikuwa na kitambaa na kopo la mafuta ya taa, kwa sababu wino ule hausikii dawa nyingine. Alikaa kwenye sanduku la pili, akauchukua ule mkono, akauweka juu ya goti lake, akaanza kusugua taratibu akizunguka lile lengelenge.

“Ungesema?” Mwalimu aliuliza.

“Ningesema.”

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Akamwambia kwamba tangu alfajiri alikuwa akiomba mkewe ndiye aseme, ili yeye awe na mtu wa kumchukia. Kisha alipofika uwanjani akamwona amekaa na daftari lake limefungwa, midomo ameibana, akajua kwamba hajawahi kuheshimiwa na mtu namna ile. Fundi aliinama juu ya kile kidole, akasugua. Angejibu, wangelia wote wawili, na kambi yote ingesikia.

Risasi zililia uwanjani, moja moja, bila haraka. Kila zilipoisha kulikuwa na kimya kifupi, na ile ta haikusikika. Mwalimu alikuwa akisikiliza. Fundi alisugua pembeni mwa ukucha, akasugua kwenye mikunjo ya kiungo, akageuza kitambaa upande safi.

“Umetoka?” Mwalimu aliuliza.

“Bado.”

Wino ulikuwa umeshatoka kitambo. Mwalimu alikuwa akikiona kidole chake mbele ya macho yake, kimetakata, kinanuka mafuta ya taa, na kitambaa kikipita juu yake bila yeye kukihisi. Baada ya muda akauliza tena kama umetoka. Fundi akasema bado kidogo, akaendelea kukisugua.